Neno Jekundu Ukutani kwa Kanku

Badibanga wa huduma ya usafi alifika kwa Kanku Jumanne asubuhi, bahasha mkononi na mfuko wa turubai begani. Kanku alikuwa ameinama akichekecha unga wa muhogo. Alimwona tangu kwenye kona, wala hakunyanyuka. Januari hiyo ya mwaka 1976 watu wa zone, ofisi ya serikali ya eneo, walikuwa wakipita mtaani karibu kila wiki, leo wanahesabu mbwa, kesho wanakagua vyoo, na hakudhani kwamba safari hii njia yao inaishia kwake.

"Hapa ni kwa citoyen Kabeya?" Badibanga aliuliza, kwa neno la serikali la kumwita raia.

"Ni hapa. Yeye eko ku kazi, kule Kasaji. Mi ni bibi yake, Kanku."

Badibanga akafungua barua akaisoma kwa Kifaransa, kisha akaieleza kwa Kiswahili kana kwamba mama huyu hawezi kuwa ameelewa mara ya kwanza. Majirani kumi wamelalamika. Ndani ya parsele hii, kiwanja hiki, kuna shimo kubwa lililojaa maji. Linazaa mbu, linanuka, na siku moja litameza mtoto wa mtu. Kwa hiyo zone inampa mwenye kiwanja siku kumi na tano alifukie. Zikipita, kiwanja kinarudi mikononi mwa zone na kupewa mtu mwingine anayejua kutunza. Alisoma kama mtu anayetangaza mnada, na ng'ambo ya barabara mwanamke aliyekuwa akifagia akaacha kufagia.

Alipomaliza, akatoa mfukoni kopo la rangi nyekundu na brashi. Hakulifungua mara moja.

"Mama," alisema, sasa kwa sauti ya chini, "mambo kama hii inaongeleka. Mi niko na batoto sita, nabo banataka madesu yabo."

Hakuna mtu Kolwezi ambaye hakujua kwamba madesu, maharage, ya namna hiyo hayapikwi chunguni. Kanku alijua pia kwamba akiingia ndani na kutoka na noti moja iliyokunjwa, kopo lile litarudi mfukoni na barua italala miezi chini ya mafaili. Akajipangusa unga mikononi.

"Batoto yangu nabo banakula, tata. Fanya kazi yenye balikutuma."

Badibanga akatafuta pa kuandika. Nyuma ya kiwanja ilikuwepo nyumba yao ya zamani, ya udongo, yenye bati lililokula kutu. Mbele, ikitazama barabara, ilisimama nyumba mpya ambayo bado haikuwa nyumba: ukuta mmoja mzima wa matofali ya kuchoma, mwekundu, ulionyooka kama uzi, na nafasi mbili za madirisha zilizokuwa zikingoja mbao. Kanku alitaka kumwambia aandike kule nyuma. Akajizuia, kwa kuwa kuomba pa kuandikiwa ni sawa na kukubali kinachoandikwa.

Badibanga akaandika kwenye ukuta mpya, kwa herufi za urefu wa mkono: INSALUBRE, yaani pachafu, hapafai kuishi mtu. Chini yake akachora msalaba. Rangi ilichuruzika kutoka kwenye herufi mbili za mwisho. Akafunga kopo lake, akampa Kanku barua, akaenda zake, na Kanku akarudi kwenye unga. Alichekecha hadi ukaisha, huku mgongo wake ukijua idadi ya watu waliokuwa wakipita na kusimama.

Shimo lilikuwepo, hilo hakuweza kulikana. Walipopata kiwanja hicho kilikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu aliyenyoosha mikono, na watu walimcheka Kabeya kwamba amepewa nyumba ya mchwa. Lakini Kanku alijua udongo wa kichuguu. Hauhitaji kuchanganywa na kitu, ukiutia maji na kuukanyaga unashikana kama ugali wa bukari. Kwa viangazi viwili alikichimba kile kichuguu kwa mikono yake, yeye na binti yake Mianda, na Kabeya wakati wa likizo. Kilipoisha juu ya ardhi, aliendelea kwenda chini. Matofali ya kwanza waliyachoma wakajenga ule ukuta. Mengine elfu tatu, mabichi bado, yalipangwa nyuma chini ya kipaa cha nyasi, yakingoja kiangazi kirudi ili yachomwe na kuwa vyumba vya nyuma.

Mvua za Novemba zililikuta shimo liko wazi na kulijaza.

Kanku alizaliwa katika kambi ya wachimba shaba, baba yake akiwa ameletwa kutoka Kasai akiwa kijana. Katika kambi ile kila kitu kilikuwa cha kampuni, mlango wa kampuni, taa ya kampuni, hata rangi ya ukutani. Baba alipofariki walipewa mwezi mmoja wawe wametoka. Ndiyo maana alipokanyaga udongo ule hakuhisi uchovu. Hilo lilikuwa tofali la kwanza katika ukoo wao ambalo hakuna mtu angelidai.

Mianda aliporudi kutoka shuleni hakuingia kwa njia ya mbele. Alipita nyuma ya choo cha jirani, akaweka madaftari, akasema bila kumtazama mama yake kwamba wasichana wenzake wamelisoma neno kwa pamoja, kwa sauti, kama somo.

"Tuko na chokaa kidogo ku nyumba," alisema. "Naweza kupaka sasa hivi."

"Acha."

"Mama, bantu yote banaona."

"Baone. Kama tunafuta sisi, ni kama tulijiandikia. Mwenye aliandika njo atafuta."

Ofisi ya zone ilikuwa na benchi moja refu kwenye baraza. Kanku alikaa hapo Jumatano yote, kitambaa kipya kichwani na barua ndani ya mfuko wa plastiki, akaambiwa chef, mkuu wa usafi, ametoka. Alhamisi akaambiwa chef yuko mkutanoni, na mkutano wenyewe ulikuwa ukisikika ukicheka nyuma ya mlango. Waliofika baada yake waliingia kabla yake. Mlinzi alimshauri aende nyumbani apumzike, na Kanku akamjibu kwa adabu kwamba hapo alipo anapumzika vizuri. Ijumaa, karibu na saa sita, mlango ukafunguliwa.

Ngoy, mkuu wa huduma ya usafi, alikuwa mtu mnene, mwenye abacost, koti la wakubwa lisilo na tai, iliyopigwa pasi, na sauti isiyopanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mafaili mengi. Aliitazama barua, akauliza kwa nini mwenye kiwanja hakuja mwenyewe. Kanku akaeleza kwamba tangu Agosti, treni za Angola ziliposimama, wafanyakazi wa reli kule Kasaji wamebaki wachache na ruhusa hazitolewi ovyo.

"Basi siwezi kuongea mambo ya parsele na wewe," Ngoy alisema. "Karatasi iko na jina ya bwana yako."

"Barua balipatia mi. Ukuta baliandika mbele ya macho yangu. Kama niko mutu ya kuandikiwa, niko pia mutu ya kuongea."

Ngoy aliinua macho. Pengine kwa sababu ilikuwa Ijumaa, pengine kwa sababu amechoka kusikia watu wakilia, alimwonyesha kiti. Kanku hakuomba nyongeza ya siku. Aliomba kuona malalamiko yenyewe. Ngoy akatabasamu kama anayempa mtoto gazeti, akalisukuma faili upande wake.

Aliyasoma yote. Hayakuwa na matusi wala uongo. Chini yalikuwa majina kumi, mengine sahihi za haraka, mengine alama ya kidole. La nne lilikuwa limeandikwa kwa herufi za mviringo, zilizolala upande mmoja, herufi za mtu aliyefunzwa na masista katika foyer, shule ya wanawake, kwenye meza moja na Kanku: Laurentine, jirani yake wa ng'ambo ya ua. Majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa kwenye karatasi za serikali, na mtu alikuwa amelikata kwa mstari na kuandika lingine juu. Lakini lilisomeka.

Kanku alifunga faili. Akauliza, akilifukia shimo kabla ya siku ya kumi na tano, itakuwaje.

"Agent atakuya kuona. Ataandika rapport. Itaisha."

"Na ile neno?"

"Neno gani?"

"Ile mulinipakia ku ukuta."

Ngoy akacheka, bila ubaya. "Mama, unapaka tu chokaa."

Laurentine alikuwa akianika nguo alipomwona Kanku amesimama kwenye ua uliotenganisha viwanja vyao. Mume wake, Mukalay, alikuwa karani mjini na hakurudi hadi jioni. Kwa miaka minane wanawake hawa wawili walikopeshana makaa, chumvi na watoto wachanga wa kubeba. Laurentine akaendelea kubana shuka kwenye kamba hadi vibanio vikaisha.

"Nilikuambia mara tatu, Adolphine," hatimaye alisema. Alimwita kwa jina la ubatizo, kama walivyofanya wakiwa wawili tu. "Mara ya kwanza ulisema ngoja mvua ikate. Mara ya pili ulicheka, ulisema hata vyura ni bantu ba Mungu. Mara ya tatu Henriette wangu alikuwa amerudi ku hopitali na malaria. Mutoto miaka ine, alipigwa sindano mpaka hakuna tena mahali pa kuchoma. Ulimuletea machungwa. Asante kwa machungwa. Lakini shimo ilibakia."

Kanku alikumbuka zile mara tatu, moja moja. Alikumbuka hata kicheko. Njiani kutoka zone alikuwa amejitengenezea maneno mengi, mazuri, yenye makali, na sasa hayakupata pa kuingia.

"Ungeniambia kama unatia sahihi," alisema.

"Ningekuambia, nisingetia."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kanku akageuka akaingia kwake. Alikaa kwenye kigoda jikoni muda mrefu, na kilichomuuma hakikuwa tena neno lililo ukutani bali kwamba siku lilipoandikwa, halikuwa uongo.

Kesho yake alfajiri yeye na Mianda walianza kuchota maji. Walichimba mfereji mwembamba hadi kwenye mtaro wa barabara, yakatoka yaliyoweza kutoka. Yaliyobaki waliyachota kwa ndoo, na mvua ya mchana ikarudisha sehemu. Jumapili baada ya misa wakaendelea. Jumatatu sakafu ya shimo ikaonekana, tope la kijivu lenye vyura, na upana wake wote ukamwogopesha Kanku kuliko lilipokuwa na maji. Masalia ya kichuguu yaliingia yakapotea. Kokoto, majivu, vigae, takataka za ujenzi alizoomba huku na huku, vyote vikaingia vikapotea. Udongo wa kununua ulikuja kwa lori, na lori halikuwa la watu kama wao.

Siku ya saba Kanku alikwenda nyuma, akafunua nyasi, akayatazama matofali yake mabichi. Yalikuwa yamekauka vizuri. Elfu tatu, safu kwa safu, pembe zake kali kama za sabuni mpya. Aliweka kiganja juu ya safu ya mbele. Kisha akavuta mawili, moja kila mkono, akayabeba hadi ukingoni akayaachia.

Mianda alipiga kelele mara moja tu. "Mama, ile ni nyumba."

"Ni udongo ya hapa," Kanku alisema. "Ilitoka humu."

Mianda akalia, kisha akavua viatu vya shule.

Kabeya alifika siku ya tisa kwa treni ya mizigo, akiwa amepata ruhusa ya siku tatu kwa kubadilishana zamu na mwenzake. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa ya kuvuta vishikio vya njia za reli. Alilisoma neno ukutani akiwa bado barabarani. Akapita pembeni ya nyumba akamkuta mke wake tope hadi magotini, na kipaa cha nyasi nusu tupu. Hakuuliza kilichotokea. Alitaka kwenda zone sasa hivi, na mfuko wake ulikuwa na kuku wawili kutoka Kasaji.

"Mutu na mutu banaongea," alisema. "Chef atakula kuku, atatupa hata miezi mitatu, mpaka kiangazi. Matofali tutayachoma. Usitupe tena hata moja."

Kanku akamweleza kwa utulivu yote, benchi, faili, sahihi ya Laurentine. "Ukipeleka kuku leo," alimaliza, "atatupa miezi tatu, na shimo itakaa pale pale. Henriette alilazwa ku hopitali sababu ya shimo yetu, Kabeya. Barua yabo iko kweli. Mi sitaki kununua bantu banyamaze juu ya kitu ya kweli. Nataka ikome kuwa kweli."

Kabeya alikwenda kwenye safu zilizobaki. Alitoa tofali moja akaligeuza. Yake aliyajua, kwa kuwa fomu yake ya kufyatulia ilikuwa na ufa ulioacha mstari kama kovu, na lile lilikuwa lake, la likizo ya Julai. Alilishika kama mtu anayepima uzito wa mkate. Kisha akavua shati, akalitundika kwenye tundu la dirisha la ukuta mpya, akaanza kubeba.

Wale kuku waliliwa hapohapo, kesho yake.

Siku ya kumi na moja asubuhi, mbele ya ua, palikuwa na burweti ya Mukalay, toroli ile ya gurudumu moja, imelazwa upande wa Kanku bila neno wala mtu. Kanku aliitazama. Angeweza kuiacha. Siku nne zilibaki, na Kabeya alikuwa akirudi kazini na treni ya mchana. Akaichukua. Siku ya kumi na nne, shimo lilipokuwa limelingana na ardhi na kukanyagwa, aliiosha hadi kwenye mhimili, akalipaka gurudumu mafuta, akairudisha mwenyewe hadi mlangoni kwa Laurentine. Wakasalimiana. Henriette alitoka kuangalia, mwembamba, mwenye macho makubwa, akauliza kama vyura wamehama.

"Balihama," Kanku alimwambia.

Siku ya kumi na tano Badibanga alikuja, akapiga udongo kwa kisigino sehemu nne, akachoma fimbo, akaandika. Alikiri kwamba hajawahi kuona shimo kubwa hivyo kufukiwa na wanawake. Faili limefungwa, alisema. Kanku akamwonyesha ukuta.

"Ile haiko kazi yangu," Badibanga alisema. "Kazi yangu ni kuandika."

Jioni ile Kanku alikaa mezani na daftari la Mianda. Alikataa kuandikiwa. Aliandika mara tatu, na mara ya tatu ikamridhisha:

"Mimi, Kanku, bibi ya Kabeya, ninalalamika juu ya uchafu wenye kuwa ku ukuta wetu, upande wa barabara. Ule uchafu ni neno lililowekwa na huduma yenu. Siku mulipoliweka lilikuwa kweli. Tangu mulipofunga faili ni uongo, na kila siku linasomwa na watoto wa shule. Nataka mwenye aliliweka aliondoe ndani ya siku kumi na tano."

Kisha akakumbuka kwamba malalamiko yale yaliyofika mezani kwa chef yalikuwa na majina kumi. Aliyakumbuka yote, kwa mpangilio. Kesho yake akavaa kitambaa cha misa akaanza kupita mlango kwa mlango, karatasi mkononi. Hakumlaumu mtu. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: mlitia sahihi kwamba kuna shimo, njooni mwone kama lipo, kama halipo, tieni sahihi kwamba halipo. Wengine walikohoa. Mmoja alimletea kiti na kumwita mama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bibi aliyekuwa akifagia siku ile alikuja hadi kiwanjani, akatembea juu ya udongo mpya kutoka pembe hadi pembe, akaweka kidole chake kwenye wino. Mlinzi mstaafu wa mwisho wa mtaa peke yake alikataa, akasema alishatia sahihi moja mwaka huu na inamtosha.

Kwa Laurentine alikwenda mwisho. Laurentine aliisoma karatasi nzima akiwa amesimama.

"Umeacha nafasi ya ine," alisema.

"Ilikuwa nafasi yako."

Laurentine akaandika jina lake kwa zile herufi za mviringo, Laurentine, lile lililokatazwa, na halafu, akicheka kidogo, akaandika juu yake lile la serikali ili wasipate kazi ya kukata.

Karani wa zone hakujua afanye nini na karatasi ile. Alisema kitabu cha malalamiko kina safu ya mtu juu ya mtu, hakina safu ya mtu juu ya zone. Kanku akamwambia aandike kwenye mstari wa uchafu. Akapewa namba, mia moja na saba, akaiandika kwenye kiganja chake ili asiipoteze. Wiki mbili zikapita. Alirudi kwenye benchi lile, Jumatano na Ijumaa, akiwa na ushonaji wake, na mlinzi sasa alimwamkia kwanza. Siku hizo majirani walimshauri, wengine kwa huruma ya kweli, kwamba ameshashinda, apake chokaa tu ajipumzishe. Hata Mianda alichoka. Lakini Mianda aliacha kupita nyuma ya choo. Siku moja Kanku alimsikia barabarani akiwaambia wenzake, kwa sauti ya juu, kwamba kweli imeandikwa hivyo, na kwamba zone itakuja kuifuta, namba mia moja na saba.

Siku ya kumi na sita tangu apewe namba, Ngoy alimwita ndani. Karatasi ilikuwa mbele yake.

"Mama, unajua unaniomba nini? Kama zone inafuta kwako, kesho kila mutu atakuya."

"Kila mutu mwenye alifukia shimo yake," Kanku alisema. "Beko wangapi?"

Ngoy alifikiri. Katika droo yake zilikuwa barua arobaini na kitu za siku kumi na tano, na aliyeitii yake kwa neno na kwa siku alikuwa huyu peke yake. Wengine walileta kuku. Alisugua paji la uso kwa kidole gumba, na Kanku, aliyekuwa amejiandaa kwa benchi la mwezi mwingine, aliona kwamba mtu huyu anaona haya, na kwamba safari hii aibu haikuwa ya Kanku.

"Jumamosi," Ngoy alisema.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ambapo kila raia alitakiwa atoke na jembe kusafisha mtaa wake. Badibanga alifika saa mbili na brashi ya waya, karai na chupa ya mafuta ya taa, na nyuma yake Ngoy mwenyewe, bila gari. Kabeya alikuwepo, ruhusa yake ya mwezi imeangukia siku hiyo. Mtaro wa mbele ya kiwanja cha Kanku haukuwa mchafu kuliko mingine, lakini asubuhi ile ulipata majembe mengi kuliko mitaro yote ya mtaa.

Rangi iliingia ndani ya tofali. Mafuta ya taa yaliilainisha, brashi ikaila polepole, herufi moja kwa muda wa herufi tatu za kuandikwa. Badibanga alianza na shati, akabaki na singlendi. Hakuna aliyemcheka, watu walilima mtaro wao na kutazama. Alipofika kwenye ile R, herufi ya pili toka mwisho, Kanku alimpelekea kiti cha kupandia, na alipomaliza msalaba alimletea maji ya moto, sabuni na taulo safi, kama mgeni yeyote aliyefanya kazi mchana kutwa. Badibanga alinawa hadi viwiko. Alisema asante, mama, na safari hii sauti yake haikuwa ya juu wala ya chini.

Pale lilipokuwa neno matofali yalibaki na rangi nyepesi kidogo, kama kovu lililopona. Ngoy akatoa karatasi kwenye mkoba, rapport, ripoti ya kufunga jambo, akampa Kabeya atie sahihi.

Kabeya hakuipokea.

"Mwenye alilalamika si mi," alisema. "Ni yeye."

Ngoy akaigeuza karatasi upande wa Kanku. Kanku akajipangusa mikono, akaipokea, akaanza kuisoma tangu juu, jina la nchi, jina la zone, tarehe. Majembe yalikuwa yamenyamaza. Katikati ya ukurasa kidole chake kikasimama.

"Hapa mumeandika, juu ya ombi ya citoyen Kabeya. Haikuwa ombi. Mi sikuomba. Nililalamika."

Ngoy alitazama watu, akatazama jua, akatoa kalamu kwenye mfuko wa abacost. Akaegemeza karatasi kwenye ukuta safi, akakata mstari, akaandika juu yake: kufuatia malalamiko ya citoyenne Kanku. Akamrudishia pamoja na kalamu.

Kanku akaisoma tena tangu juu, kwa kuwa karatasi iliyosahihishwa ni karatasi nyingine, na watu wa zone wakasimama juani wakimngoja.